Kamera Isiyonguruma

Rispah Nakhungu, mama Joan wa mtaa wa Matisi mjini Kitale, alikuwa mtu wa masikio. Akiwa jikoni akikoroga uji wa kuwauzia mafundi wa gereji, alijua kwa mlio wa lango nani ameingia kwenye ploti. Sifuna, mume wake, alilisukuma kwa goti. Mwenye nyumba alilitikisa kwanza, kama mtu anayetafuta ugomvi. Shule aliiacha darasa la tano, kwa hiyo mengi aliyoyajua aliyapata kwa kusikiliza na kutazama, na kimoyomoyo alijivunia hilo. Hakuna aliyeweza kumjia ghafla.

Jirani yake wa ukuta mmoja alikuwa Jepchirchir, mama Kimaiyo, mwanamke mrefu kutoka upande wa mlima Elgon. Kwa miaka mingi wawili hao waliazimana chumvi, makaa na hata viatu vya kwenda kanisani. Kanisani Jepchirchir alisema mume wake anafanya kazi Eldoret. Ni Rispah peke yake aliyeambiwa ukweli: mume alikuwa Malakisi, katika boma la mwanamke mwingine mwenye shamba la tumbaku, na hakuwa na nia ya kurudi.

"Hiyo ibaki hapa, mama Joan," Jepchirchir alisema.

"Itaenda wapi?" Rispah akajibu.

Mwaka wa 2006 watu wa filamu wakaja Kitale kutoka Nairobi. Walitaka akina mama wa kawaida wa kuigiza wazazi katika hadithi ya arusi. Rispah akachaguliwa kuwa mama wa bibi arusi, na yeye mwenyewe akawaambia wamchukue Jepchirchir awe mama wa bwana arusi.

Wiki ya kwanza walipiga picha hapo Matisi kwa kamera ya filamu, dude zito lililobebwa na watu wawili. Filamu zenyewe ziliwekwa kwenye kisanduku cha baridi kama chanjo. Kwa kuwa zilikuwa chache na ghali, Vivian, mwongozaji, aliwafanyisha akina mama mazoezi mpaka Rispah akawa anasema maneno yake usingizini. Ndipo wote walinyamazishwa na kamera ikaanza kunguruma, polepole, kama cherehani inayoshona chumba cha pili. Mara moja, ikizidi sana mara mbili, kisha kimya. Hazikupita siku mbili kabla Rispah hajaushika mngurumo ule. Ukianza, yeye ni mama wa bibi arusi. Ukikoma, yeye ni Rispah, anaweza kujikuna na kusema lake.

Walichopiga hakuna aliyekiona. Filamu zilifungiwa kwenye mikebe na kupelekwa mbali kusafishwa.

"Sasa mtajuaje kama tulitoka vizuri?" Jepchirchir alimwuliza mzee Kibiwott, mpiga picha.

"Filamu ni kama mimba, mama. Ukifungua mapema umeharibu. Ngoja mwezi ujao."

Wakacheka, Rispah zaidi ya wote.

Lakini filamu zikaanza kuisha, na kwa sehemu ya mahari, iliyopigwa sokoni Chwele upande wa Bungoma, wakaja na kamera ya dijitali. Ilikuwa ndogo, nyeusi, ya kanda ndogo ndogo. Kibiwott aliishika kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe.

"Hii ni kamera ama ni redio?" Rispah akamtania.

"Cheka tu, mama. Hii haili filamu. Mimi naiwasha naisahau."

Rispah aliyasikia hayo, lakini hayakumkaa.

Asubuhi hiyo akina mama wawili walikaa kwenye benchi nyuma ya wauza nyanya na kusema maneno yao ya mahari. Vivian akaridhika. Jepchirchir akaenda kubadilisha nguo kwa ajili ya sehemu iliyofuata. Rispah akabaki pale pale, maiki ndogo imebanwa ndani ya shingo ya nguo. Fridah, msichana wa mavazi, akaja kumrekebisha kitenge begani.

"Huyu mwenzako ako na raha, bana," Fridah akasema. "Ati bwana yake ako Eldoret?"

Rispah alijua kwamba hapo ndipo pa kunyamaza. Lakini Fridah alikuwa mtu wa Nairobi, wa kuja na kuondoka, na kuna utamu fulani katika kuwa wewe ndiye unayejua. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akatega sikio kwa kamera iliyosimama juu ya miguu yake mitatu mbele yao. Kimya.

"Eldoret gani?" akasema. "Bwana ako Malakisi kwa bibi mwingine, anakatia huyo mama tumbaku. Hapa hatarudi."

Fridah akaguna kwa mshangao, na mguno ule ukampa Rispah moyo wa kuendelea. "Hata hii kazi nilimwombea kwa huruma tu. Mwanamke ameachwa, utafanyaje?"

Baada ya chai ya saa nne Vivian akawaita watu wote chini ya hema. Kamera mpya haikuhitaji kungoja mwezi ujao. Waliiunga kwa waya kwenye televisheni, na kazi ya asubuhi ikawa tayari kutazamwa. Wachuuzi wakajazana, mmoja na kuku wake kwapani.

"Si huyo ndiye mama wa Kitale? Mbona TV imemnenepesha?"

"Ni mahari anangojea, mwache anone."

Rispah na Jepchirchir walikaa mbele, kiwiko kwa kiwiko, wakijiona na kujicheka. Mazungumzo ya mahari yakaisha. Vivian alikuwa ameinama akisemezana na mtu, na picha ikaendelea. Rispah akaona mwanamke kwenye benchi akigeuza kichwa kushoto, kisha kulia. Kabla hajatambua ni nani, sauti ikatoka, safi kama ya kwenye taarifa ya habari.

Kibiwott alipofikia kitufe, maneno yalikuwa yamekwisha kusemwa yote, mpaka ya huruma.

Nyuma kulikuwa na aliyecheka, akanyamazishwa. Jepchirchir hakulia wala hakumtazama Rispah. Aliondoa tu kiwiko chake.

Vivian akasimama mbele yake, uso umemshuka. "Mama Kimaiyo, pole sana. Hiyo nitafuta sasa hivi. Tunaweza kuacha mpaka kesho."

"Nilikuja kazi," Jepchirchir akasema. "Tufanye."

Sehemu iliyobaki ilikuwa fupi. Mama wa bwana anashika mikono yote miwili ya mama wa bibi, anamtazama machoni, anasema, "Kuanzia leo sisi ni nyumba moja." Basi.

Kwa kamera ya filamu ingefanywa mara moja na kuisha. Lakini kanda zilikuwepo tele, na Vivian hakuridhika. Mara mbuzi wa mtu alilia, mara wingu likafunika jua, mara Rispah akainamisha uso. Kila walipoanza, Jepchirchir alimshika mikono kwa upole, vidole vyake vikiwa na joto, akasema maneno yake kwa sauti ya kuaminika kabisa. Kila Vivian aliposema "kata," Jepchirchir aliiachia kama mtu anayetua mzigo usio wake. Tena. Na tena.

Katikati Rispah akanong'ona, "Mama Kimaiyo, nisamehe. Ulimi uliteleza."

"Haukuteleza. Nimekuona kwa TV. Uliangalia huku, ukaangalia huku, ndio ukasema."

Vivian akawaita tena, na Jepchirchir akanyoosha mikono.

Hatimaye Vivian akasema, "Tumeipata. Asanteni."

Mikono ya Rispah ilikuwa bado iko mbele yake, wazi. "Tuirudie," akasema. "Mara moja tu."

Vivian akashangaa. "Kuna kitu hukupenda, mama? Kanda iko, sina shida."

"Mimi nimemaliza," Jepchirchir akasema. Akajitoa maiki, akamkabidhi Kibiwott, akapita katikati ya wauza nyanya bila kuharakisha hadi kwenye pikapu, akaketi mbele kando ya dereva na kufunga mlango.

Rispah akavuta kitenge kutoka begani, akajifunika uso. Wachuuzi walikuwa bado wamesimama pale wakimtazama. Akasikia hatua za Fridah zikija, zikisita, zikija tena.

"Mama," Fridah akasema kwa sauti ya chini, "hicho kitenge ni cha kampuni. Nimeambiwa nikusanye."

Rispah akakitoa usoni, akakikunja pembe kwa pembe mbele za watu wote, akampa.