Mama Trei na Ekseli ya Tano

Hiki ninachokwenda kuwasimulia hamtakiamini, na wala sitawalaumu. Hata mimi nisingekiamini, ila mwenye kisa ni dada yangu wa tumbo moja, na aliyenipa habari alikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho. Pale ambapo macho yake hayakufika nimejazia kwa akili yangu, ambayo, ingawa shule niliiacha njiani, haijawahi kulalamikiwa na mtu.

Dada huyo mtaani wanamwita Mama Trei. Ana watoto watatu na hakuna hata mmoja aitwaye Trei. Jina limetoka kwenye trei za mayai anazofunga juu ya keria ya baiskeli yake, kumi na mbili kwa mpigo, kwa vipande vya tyubu kuukuu. Ndiye mama yenu, wapwa zangu, kwa hiyo mkifika pa kucheka, chekeni kwa adabu.

Sasa, Mama Trei ana sikio. Najua na ninyi mnayo, tena mawili mawili, lakini yenu ni ya kuning'inizia hereni. La kwake akiligeuzia ukutani anakuambia jirani anakaanga au anachemsha. Yai analigonga kwa ukucha, anasikiliza, kisha analitenga: "Hili limeshakata tamaa." Na baiskeli yake ikipiga chafya anajua mafua yameanzia wapi.

Ndiyo maana mwezi ule alikosa usingizi. Baiskeli ilianza kusema ko. Ikikanyaga kijishimo tu, ko! Ikivuka tuta, ko-ko! Na kila ilipopiga ko, huko nyuma kwenye trei kitu kililia kwa sauti ndogo na kuanza kuvuja. Jumanne yalipasuka saba. Alhamisi kumi na moja.

Mteja wake mkubwa, mwokaji mikate, mtu mwembamba mwenye miwani mizito, alikuwa akifuta ute mezani alipomwambia:

"Mama Trei, matatu kwa safari navumilia, mambo ya barabara. Jumamosi yakifika manne, nitachukua mayai kwa yule jamaa wa pikipiki. Usinione mbaya."

"Sikuoni mbaya, kaka. Nakuona una haraka."

Alijibu kwa kiburi, lakini njia nzima alirudi akiisukuma baiskeli badala ya kuipanda. Miaka tisa alimpelekea mwokaji yule mayai. Angemkosa, zaidi ya nusu ya kuku wake wangekuwa wanataga kwa kujifurahisha tu.

Jumamosi asubuhi aliipindua baiskeli uani, magurudumu juu, akaizungushia pedali, akainamisha sikio.

"Ekseli ya kati," akatangaza, na kuku wakasimama kumsikiliza.

Ekseli ya kati ni kile chuma kinachopita chini ya fremu na kushika pedali zote mbili. Akakitoa kwa spana na nyundo, akakiosha kwa mafuta ya taa, akakitia mfukoni, na pedali akazifunga kwenye keria. Mkono mmoja ukashika usukani, mwingine siti, akaisukuma baiskeli isiyo na pedali hadi dukani kwa Gololi.

Gololi ni muuza spea, na jina hilo si kwa sababu ya gololi anazouza tu. Ni mfupi, wa mviringo, na kutoka rafu moja hadi nyingine hatembei, anabingirika. Dukani kwake rimu zinaning'inia darini, gololi zimepangwa kwa ukubwa ndani ya makopo ya maziwa, na ukutani kuna mapambo ya kumtoa mtu udenda: reflekta nyekundu, vishikio vyenye nyuzi za rangi, siti zenye manyoya. Hapo hutaji saizi. Unaweka kifaa chako cha zamani juu ya kaunta, naye anakushushia wenzake wanaofanana nacho.

Mama Trei akaweka ekseli yake. Gololi akashusha sita, akazipangusa zote kwa kitambaa chake cha grisi, na ya mgeni akaipangusa pamoja nazo, mazoea ya mkono. Zikalala saba, zinang'aa kwa mafuta kama mapacha waliotoka kuogeshwa.

"Chagua, mama. Zote orijino."

"Orijino yako naijua, inaanzia kwenye boksi na kuishia hapo hapo. Nipe spana."

Akafumba macho. Huwa anafumba, anasema macho yanahongwa na rangi. Akagonga ya kwanza: ti. "Kopo hilo." Ya pili: te. "Hiyo ilikuwa sufuria." Ya tatu na ya nne hata hakuzipa jina. Ya tano ikalia tiiing, ndefu, tamu, na wateja wawili waliokuwa wakichagua tyubu wakageuka kutazama.

"Hii!" akasema. "Hiki ndicho chuma. Hizi nyingine kawauzie wanaopanda baiskeli kwa kupiga picha."

"Una uhakika, Mama Trei?"

"Siku nitakayokosea nitakuja kukuambia."

Gololi akaifunga kwenye gazeti, akapokea malipo yake, akatoka naye barazani kumsaidia kufunga. Mama Trei akafungua gazeti, akashika ekseli, na kidole gumba kikagusa alama tatu ndogo za tupa pembeni mwa chuma.

Alama hizo huzichora mwenyewe kwenye kila kifaa chake, ili fundi yeyote asije akambadilishia. Hakuna mtu mwingine duniani anayezichora.

Akageuza chuma. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Gololi alikuwa ameegemea nguzo, tumbo linamtikisika kwa kicheko kama mtu aliyemeza redio.

"Ulijua?"

"Tangu spana ilipoigusa."

"Ukaniuzia ekseli yangu mwenyewe!"

"Ningekukatalia vipi, mama? Umesema ndiyo orijino mbele ya mashahidi." Akamrudishia hela zake zote, huku akijifuta machozi. "Tena umetukana mali yangu yote."

Mtu mwingine angeondoka mbio. Mimi ningehama mtaa. Lakini Mama Trei aliketi kwenye ngazi ya baraza, akafikiri, kisha akainuka ghafla.

"Ngoja. Sikio langu limesema hii ni nzima kuliko zote nilizozigonga. Na kweli ni nzima. Kwa hiyo mgonjwa ni mwingine. Funga pedali, kisha upande wewe."

"Mimi?"

"Una uzito wa trei kumi na mbili na ziada. Panda!"

Ndipo mtaa ukashuhudia Gololi akiendesha baiskeli ya mayai kwa mwendo wa kobe, na Mama Trei anakimbia nyuma, ameinama, sikio karibu na gurudumu. Wakavuka tuta. Ko-ko!

"Simama! Stendi!"

Ilikuwa stendi mpya ya kuegeshea baiskeli, ya miguu miwili, inayong'aa, aliyopewa zawadi mwezi ule ule. Nati moja ilikuwa imelegea na springi ilikuwa ya baiskeli ya mtoto. Kwenye kila tuta iliachia, ikarudi na kupiga chuma cha keria kwa chini, na keria ikayapiga mayai.

"Hii hukununua kwangu," akasema Gololi. "Nani alikufungia?"

Hapo dada yangu akamtajia mtu fulani, jina ambalo halina umuhimu katika hadithi hii, na tuendelee.

Gololi akaweka springi ya saizi yake, nati mpya na kipande cha mpira wa tairi katikati. Mama Trei akajiongezea kengele, kwa furaha tu. Akapitia nyumbani kupakia trei, na saa nane mchana akaingia kwa mwokaji, ngriing! Mwokaji akavaa miwani, akakagua trei ya kwanza, ya pili, hadi ya kumi na mbili. Hata ufa mmoja hakuuona! Machozi yakamlenga, akapiga goti kwenye unga, na watu waliopanga foleni ya mikate, kama mia mbili hivi, wakambeba dada yangu juu juu, yeye na baiskeli yake, wakamzungusha mta—

"Mawili."

Kumbe dada amesimama nyuma yangu, kikombe mkononi, anasoma ninachoandika.

"Mawili yalipasuka. Foleni ilikuwa na watu wanne. Na mwokaji alisema, 'Haya, tuonane Jumanne.' Basi."

"Napamba kidogo tu, dada."

"Pamba. Ila aliyefunga stendi simwoni."

"Nilikuwa nafika hapo."

"Fika."

Basi, wapwa zangu, stendi ile, mali ya thamani iliyotoka mbali, ilifungwa na fundi mmoja maarufu, mwenye spana zake kumi na nane za—

"Ulitumia kisu cha jikoni," anasema dada. "Tena changu."