Ghorofa ya Tatu, Mlango wa Kijani

Siku dada yake alipozikwa, yeye alikuwa nchi ya mbali, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, akipiga pasi mashuka ya watu asiowajua. Ruhusa ilikataliwa. Alilia huku mikono ikiendelea na kazi, na mvuke ukamkausha machozi kabla hayajafika kidevuni.

Baadaye akaenda uwanja wa ndege kumpokea aliyeachwa na dada: msichana wa miaka saba ndani ya sweta lililomzidi. Nyumbani walimwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa hafungi mdomo.

"Shikamoo, mama mdogo," alisema, na hiyo ndiyo ikawa hotuba yake ya wiki nzima.

Walikaa chumba na jiko, ghorofa ya tatu. Mama mdogo alimtafutia viatu vya baridi, akamwandikisha shule, akamwonyesha pa kuvukia barabara. Mtoto alitii kila kitu isipokuwa kimoja. Alasiri, mama mdogo akitoka kazini, aliukuta mlango uko wazi ya-a-a, na Chiriku ameketi sakafuni akitazama ngazi. Akagomba. Akabembeleza. Wapi! Mwalimu naye akapiga simu: mtoto hachezi, mapumziko yote yuko getini, macho barabarani.

Mama mdogo aliwaogopa wezi, ndiyo. Lakini jioni moja akiosha vyombo alisikia ndala ngazini, mguu mmoja ukikanyaga, wa pili ukiburuzwa. Dada yake alitembea hivyo tangu alipovunjika mguu utotoni. Alichungulia, mkono unachuruzika povu. Hakukuwa na mtu. Alipogeuka, Chiriku alikuwa amekaza macho pale pale alipotoka kutazama yeye.

Jumamosi akafunga mlango na kutia ufunguo mfukoni. Mtoto akaangua kilio ambacho hakuwahi kukilia tangu afike.

"Fungua! Mama hapajui hapa! Anapajua kule tu!"

"Chiriku, mwanangu, mama yako..."

"Najua amekufa. Mimi nilikuwepo. Wewe hukuwepo."

Mama mdogo akakaa chini pale pale karibu na mtoto. Angeweza kumwambia kwamba waliokufa hawarudi. Lakini masikio yake yalikuwa yamesikia yaliyosikia, na uongo ungemkwama kooni.

"Sasa sikiliza," alisema hatimaye. "Tukimngoja hivi, mlango wazi, tutaibiwa hata sufuria, na yeye akifika atakuta hatuna pa kumpikia. Tuwaambie watu wa mtaa. Akiulizia, wamwelekeze."

Chiriku akafuta kamasi kwa mkono wa sweta. "Watanielewa?"

"Nitakufundisha."

Wakakaa na sentensi moja ya lugha ya huku, neno moja moja, mpaka ulimi ukalainika. Kisha wakashuka. Wa kwanza alikuwa fundi viatu mwenye kibanda chini ya jengo. Chiriku alivuta pumzi, akasema yote bila kukosea: "Mama yangu akija kuniulizia, mwambie nakaa ghorofa ya tatu, mlango wa kijani."

Fundi alimtazama mama mdogo usoni, akaelewa. Akatoa misumari mdomoni. "Anafananaje?"

Chiriku akamwonyesha mama mdogo kwa kidole. "Kama huyu, ila mzuri."

Fundi alicheka mpaka nyundo ikamponyoka. Mama mdogo naye akacheka, akajishangaa.

Wakaenda kwa muuza mkate, kwa dada wa duka la dawa, kwa bibi wa ghorofa ya chini asiyesalimiana na mtu. Wote waliupokea ujumbe, na wote wakataka kujua mtoto huyu atakayeuliziwa anaitwa nani. Kesho yake muuza mkate akapaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara: "Chiriku! Hajafika bado!" Naye akapunga mkono: "Haya, asante!" Ikawa ndiyo salamu yake mtaani. Halafu binti wa muuza mkate akamuuliza kama anajua kuruka kamba. Kumbe anajua, na anajua pia kubishana nani kakanyaga kamba, kwa lugha ya huku huku.

Siku moja ya mvua fundi alimwita mama mdogo. "Leo amepita mwanamke. Nimeona mgongo tu. Anachechemea. Nikamwambia ghorofa ya tatu."

Hakuna aliyewahi kumwambia fundi habari za ule mguu.

Mama mdogo alipanda ngazi akishikilia ukuta. Ndani, watoto wawili walikuwa wakigombania penseli nyekundu.

"Nani amekuja?"

"Hakuna," alisema Chiriku, bila kuinua kichwa.

Rafiki alipokwenda kwao, mama mdogo alimkalisha mtoto kati ya magoti, akaanza kumfumua nywele.

"Niambie siku ile ilikuwaje. Siku ya mazishi."

Mvua iligonga dirisha.

"Watu walikuwa wengi. Mjomba alilia kwa sauti ya ajabu, nikataka kucheka. Viatu vilinibana. Nikakuulizia. Wakasema uko mbali."

"Nilikuwa mbali."

"Halafu wakaniambia nirushe mchanga, mimi nikakataa. Halafu..."

Akasema, akasema, kama Chiriku wa zamani, na mama mdogo akafumua nywele taratibu kuliko ilivyohitajika, ili mtoto asiwe na sababu ya kunyamaza.