Shingo Zilipogeuka

Kwa miaka kumi na miwili fundi wa spika alikaa nyuma kabisa ndani ya kanisa, na watu walimgeukia siku spika zilipopiga mluzi tu. Jumapili hiyo mchungaji alishukuru kila mtu, hadi wapanga maua, lakini fundi hakumtaja. Fundi akafura, akajisemea moyoni: "Leo mtanitambua!"

Mjane mmoja aliposimama kutoa ushuhuda wake wa kwanza tangu msiba, fundi akapandisha sauti makusudi. Spika zikalia kama mbuzi machinjioni. Shingo zote zikageuka. Mjane akanyamaza, akaketi.

Aibu ikamshika fundi, akamfuata mbio. "Nisamehe mama, kosa ni langu. Malizia, tafadhali."

Mama akasimama tena, akasema mpaka kanisa likalia. Akiwa amerudi nyuma, fundi naye alilia, mkono haubanduki kwenye kitufe cha sauti, na hakuna aliyegeuka.