Rangi ya Jiwe Kavu

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilirudi Nyamira na kamera moja, baada ya kuzunguka Kericho na Nakuru bila kutulia popote. Nilipiga picha za harusi, za ubatizo na za vitambulisho. Siku zisizo na sherehe nilishuka hadi Tabaka, kule Kisii, wanakochonga yale mawe laini yaitwayo mawe ya sabuni.

Huko nilimpigia picha za kazi yake mama mmoja mjane aliyechonga mabakuli ya jiwe la waridi. Alikuwa na mnunuzi mmoja tu, Mholanzi, aliyechagua kwa kuangalia picha na kujibu kwa barua. Hakutaka yapakwe nta ya kukoleza rangi, kwa sababu watu wangelia chakula humo.

Picha za kwanza nilizipiga hapo hapo kazini, bakuli moja moja likitolewa kwenye karai la maji walimosugulia kwa msasa. Jiwe likilowa, rangi yake yote hujitokeza. Waridi hukolea kama nyama mbichi na mishipa ya kahawia huonekana. Hakuna aliyeona kosa. Wanawake wa pale walishinda mikono ikiwa ndani ya karai, na jiwe walilijua likiwa na maji. Likikauka walisema limelala.

Mholanzi aliagiza kwa picha hizo, na baada ya miezi, sanduku zima la mabakuli tuliyomtumia lilirudishwa. Barua ilikuwa ya Kiingereza, nikamsomea: haya siyo yaliyo kwenye picha, nitumie picha za kweli, ama nitatafuta mchongaji mwingine.

"Anasema nimembadilishia?" aliuliza.

"Anasema hivyo, mama."

"Na mawe ni yale yale."

"Ni yale yale. Ni mimi niliyeyapiga yakiwa yamelowa."

"Umezunguka dunia yote na kamera shingoni, hukuwahi kusikia kwamba maji hukauka?"

Wenzake wakacheka karaini. Nilikuwa nimepanga kuhamia Eldoret mwezi huo. Nikaona siwezi kumwacha na sanduku lile.

Tuliyaacha mabakuli siku mbili juani. Siku ya tatu, mawingu yalipotanda, niliyapiga moja moja, na kando ya kila moja nikaweka ukurasa mtupu wa daftari. Filamu nikaipeleka studio mjini Kisii, kwa mzee wa Kihindi aliyekuwa na mashine ya kusafisha picha za rangi. Zilipotoka, mabakuli yalikuwa mekundu kuliko hata yale ya kwanza.

"Nimekuongezea rangi kidogo," alisema. "Zilikuwa zimefifia."

"Ndivyo yalivyo, mzee."

"Mteja gani anapenda kitu kilichofifia?"

"Huyu."

Aligusa ukurasa pichani kwa kidole. Nao ulikuwa umegeuka waridi. "Hii karatasi ni nyeupe kweli?"

"Ni ya daftari la shule."

"Basi nitaifuata karatasi. Biashara itakufa, rafiki yangu, lakini picha itakuwa sawa."

Mara ya pili mawe yalitoka na ubuluu kama wa maziwa yaliyotiwa maji. Nilikuwa nimechoka, ningezichukua hivyo hivyo. Mzee ndiye aliyekataa, akarudia hadi karatasi ikatoka nyeupe.

Nilizipeleka Tabaka. Mama akashika picha moja mlangoni, kwenye mwanga, na bakuli lake mkono wa pili. Akaangalia huku, akaangalia kule.

"Hivi ndivyo lilivyo likilala," alisema. "Si zuri."

"Si zuri sana."

Alichukua bakuli lililokuwa na ufa, akalivunja, akafunga kipande kimoja kwa gazeti na kukitia ndani ya bahasha pamoja na picha. "Asipoiamini kamera yako, ashike jiwe."

Tulingoja msimu mzima wa mvua. Kila niliposhuka kule hakuniuliza kitu. Aliniangalia mikono kwanza, kama imeshika barua, kisha uso, halafu akaendelea kusugua. Nilianza kuichukia ile safari.

Barua ilipofika nilimsomea nikiwa nimesimama. Mholanzi alisema kipande kimelingana na picha. Rangi ilikuwa hafifu kuliko alivyotumaini, kwa hiyo angechukua nusu ya mabakuli.

"Nusu," alisema mama.

"Nusu."

Aliyatazama mabakuli yaliyopangwa ukutani.

"Sawa. Nusu hii hatairudisha," alisema, akaenda nyuma ya nyumba kukata majani makavu ya mgomba ya kuyafungia.