Ukoo ulimtuma marehemu akalalamikie uamuzi wa wadhamini wa pensheni

Kamwene wakuu. Haya nimeyaona kwa macho yangu. Asiyeamini apite tu, sina ugomvi na mtu.

Baba yangu alifanya kazi kiwanda cha chai huku Mufindi mpaka anafariki. Wadhamini wa mfuko wake wa pensheni wakakaa kikao, wakaamua mama si mtegemezi. Eti kwenye faili hakuna mke!

Mama, aliyempikia ugali miaka thelathini. Aliposomewa barua yao hakulia. Aliuliza tu, "Kwa hiyo mimi nilikuwa nani pale?"

Iliniuma sana.

Sasa, kwetu siku ya kumaliza matanga ukoo unachagua mtu wa kurithi jina la marehemu. Alichaguliwa mdogo wangu Festo, fundi pikipiki pale Igowole. Akavalishwa koti la baba, na toka siku ile hata mama mwenyewe anamwita Baba.

Kikao cha kujadili barua hakikuchukua muda. Baba mkubwa akasema, "Mwenye jina yupo. Aende akajisemee."

Nikasema jamani, ofisini hawajui mambo ya kurithi majina. Nikaambiwa wewe umeshaolewa, tulia. Haya, nikatulia, ila nikamsindikiza.

Ofisi iko Mbeya mjini. Njiani Festo akaanza kukohoa. Wakuu, kile kikohozi nakijua: viwili vifupi, kimya, halafu kimoja kirefu. Cha baba, cha vumbi la chai. Festo hajawahi kukohoa hivyo.

Dada wa mapokezi akatafuta faili, kisha akamuuliza, "Wewe ni nani kwa marehemu?"

"Mimi ndiye mwanachama."

Yule dada akacheka, akadhani utani. "Kaka, mwanachama akishafariki halalamiki tena. Uamuzi wa wadhamini analalamikia mwanachama aliye hai, mtegemezi wake, aliyeandikwa kurithi, au mtu ambaye uamuzi umegusa haki yake. Wewe uko wapi hapo?"

Festo akasema taratibu, "Fomu yangu ya kwanza imegandana na karatasi ya likizo. Nilijaza kwa kalamu ya kijani."

Dada akapekua, nadhani ili tu tuondoke. Karatasi ya likizo ilikuwepo. Nyuma yake fomu, wino wa kijani, jina la mama mahali pa mke. Akaishika muda mrefu bila kumtazama Festo.

"Mleteni mama mwenyewe," akaniambia mimi. "Huyu siwezi kumwandika."

Tulipotoka nje Festo akaniuliza tumefika Mbeya saa ngapi.

Wiki iliyofuata mama akaweka dole gumba kwenye malalamiko, kwa jina lake mwenyewe. Tukasubiri miezi. Kila jioni Festo alikuja kukaa barazani kwa mama, anakohoa vilevile.

Juzi majibu yakaja: wadhamini wamebadili uamuzi, mama ameandikwa mke. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Na toka barua ile isomwe, Festo hajakohoa tena.

Funzo langu ni dogo. Uamuzi wa wadhamini ukikuumiza, nenda wewe unayehusika, usimtume mtu kwa heshima ya ukoo.

Ila jana nimemkuta mama kapakata lile koti la baba. Akasema, "Ningejua baba yenu akishasikilizwa anaondoka, nisingeweka dole."

Wenye mama wajane, nyie mngemwambia nini?