Meli ya Kifahari Ilinipeleka Kazini Kwangu

Nilipostaafu, binti yangu alinikatia tiketi ya meli ya kifahari, na kwa wiki nzima nilijifanya nimefurahi. Kipeperushi chake kilikuwa kizito kama kadi ya harusi. Kiliahidi siku tatu katika pwani za kaskazini, wageni kumi na wanne tu, pamoja na mwongoza watalii mbobezi. Nilikisoma mara mbili nikitafuta hizo pwani za kaskazini ni zipi. Kumbe ni Ukerewe na visiwa vilivyo nyuma yake. Huko nilifanya kazi miaka saba, mkunga katika zahanati ya vyumba vitatu na paa lililovuja juu ya kitanda cha kujifungulia, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniambia kwamba niko pwani za kifahari. Sisi tulipaita "kule" tu. Ukihamishiwa kule, wenzako walikupa pole.

"Utapumzika, mama," binti yangu alisema. Anafanya kazi benki hapa Mwanza, na alikuwa ameomba likizo ili tusafiri pamoja. "Utakaa, utahudumiwa, utaangalia ziwa."

"Ziwa naliona kila siku nikianika nguo."

"Hili utaliona tofauti."

Hapo alisema kweli.

Bandarini tulipokewa na wahudumu waliovaa nyeupe, kila mmoja na taulo ndogo yenye maji baridi iliyokunjwa kama sambusa. Nikauliza ni ya nini. Nikaambiwa ni ya kujiburudisha baada ya safari. Safari yenyewe ilikuwa dakika kumi na tano kutoka nyumbani. Nikajifuta mikono nikairudisha. Halafu tukapewa juisi ya rozela kwenye glasi zenye shingo ndefu, na mwongoza watalii akashika kipaza sauti, ingawa tulikuwa tumemzunguka karibu kiasi cha kusikia akimeza mate.

Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mtu wa Arusha, aliyezoea kupandisha wageni mlimani. Alitueleza mwenyewe kwamba ziwa amelisoma msimu mmoja. Alilisema hilo kama mtu anayetaja shahada.

Hatujatoka hata ghubani akaanza kazi. Upande wa kushoto kulikuwa na magugu maji, zulia zima la kijani lenye maua ya zambarau, yakielea na chupa za plastiki katikati yake.

"Mabibi na mabwana, tazameni bustani ya asili inayoelea!"

Simu zikatoka mifukoni. Wageni wakapiga picha, wengine wakaomba meli isogee karibu kidogo. Nikamtazama nahodha pale juu. Yeye ni mtu wa ziwa, anajua magugu yale yakiingia kwenye panga la injini yanafanya nini, na hakusogea hata hatua moja. Huyo nilimheshimu hadi mwisho wa safari, na sikuwahi kuongea naye.

Kati ya abiria wote, aliyenichosha zaidi ni mzee mmoja aliyekuwa mkubwa wa ofisi fulani Dar es Salaam. Alikuja na mkewe na kofia ya unahodha. Kofia ile aliinunua dukani, yenye nanga ya dhahabu mbele, na aliivaa mezani, aliivaa akisinzia, na nahodha mwenyewe alipopita kichwa wazi, mzee alimpigia saluti. Alikuwa na daftari dogo ambamo aliandika kila kilichosemwa na mwongoza watalii, na alipenda kusema "watu wetu." Watu wetu ni wakarimu. Watu wetu wana hekima. Hakuna siku aliyomuuliza mmoja wa watu wetu waliokuwa wakimpakulia chakula ametoka wapi.

Chakula nacho. Mchana wa kwanza, tukielea juu ya ziwa lenye sato na sangara, tuliletewa kipande cha samoni kilichofunikwa na jani moja. Nikamwita mhudumu nikamuuliza samaki huyu kavuliwa wapi. Akasema ametoka Ulaya kwa ndege, na akalisema kwa fahari kweli. Nikamwambia binti yangu, "Huyu samaki amesafiri kuliko mimi." Akaniomba nipunguze sauti.

Alasiri ile tulikaa sitahani, visiwa vikianza kuonekana mbele yetu, mawe yake makubwa yamebebana kama kawaida. Mwongoza watalii akasimama.

"Wanawake wa visiwa hivi wana mila ya pekee," alisema. "Wanajifungulia ndani ya mtumbwi, katikati ya maji, ili mtoto azaliwe akiwa tayari ni rafiki wa ziwa."

Wageni wakatoa sauti ya kushangaa, ile ya watu wanaoonyeshwa keki. Mzee wa kofia akafungua daftari.

Binti yangu akaniwekea mkono juu ya goti. Alinijua. Lakini nilikuwa nimekwishainua mkono kama mwanafunzi.

"Samahani. Hiyo si mila."

"Karibu mama, tunapenda sana michango."

"Ni kukosa mafuta ya boti," nikasema. "Mwanamke anajifungulia kwenye mtumbwi kwa sababu uchungu umemkamata tangu jana, zahanati haina daktari wa kumpasua, boti ya wagonjwa haina mafuta, na hospitali iko ng'ambo. Siku hiyo hakuna anayetafuta urafiki na maji. Mimi nilikuwa mkunga hapa. Nimezalisha watoto wanne kwenye mitumbwi, na mama zao wote walikuwa wanalia wafike nchi kavu."

Mwongoza watalii akatabasamu tabasamu la kazi.

"Asante sana, mama, kwa kutupa mtazamo huo."

Mtazamo! Mke wa mzee wa kofia akajipepea na orodha ya vinywaji akasema taratibu, bila kuniangalia, "Jamani, tuko likizo." Na mzee, nilimwona kwa macho yangu, hakufuta kitu kwenye daftari.

Siku ya pili ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Kipeperushi kiliiita ziara katika kijiji halisi cha wavuvi. Tulipelekwa ufukweni kwa viboti vya mpira, tumevalishwa maboya ya rangi ya machungwa, kwenye kisiwa kidogo ambacho sitakitaja jina kwa sababu wenyeji wake bado wanahitaji wageni. Nilikitambua kabla hatujagusa mchanga. Kilikuwa mwendo wa saa moja kwa mtumbwi kutoka zahanati yangu. Kila mwezi nilikuja hapa na sanduku la chanjo, nikapima watoto kwa mzani tuliouning'iniza kwenye mti.

Lakini kilikuwa kimesafishwa, na sisemi kufagiliwa. Mitumbwi ya dagaa na taa zake ilikuwa imeondolewa ufukweni. Nyumba za bati zilifichwa nyuma ya uzio mpya wa matete. Juu ya kibanda kimoja niliona pembe ya paneli ya sola ikichungulia chini ya mkeka. Na mbele ya uzio walisimama wanawake wanane waliofungwa vitambaa vya rangi ya udongo, shingoni wametundikwa simbi za kauri. Kauri ni za bahari. Ziwa letu halijawahi kutoa kauri hata moja.

Wakaanza kuimba, wakipiga makofi.

"Huu," mwongoza watalii alinong'ona, "ni wimbo wa kale sana. Wanaomba mizimu ya ziwa iwaruhusu wageni kukanyaga ardhi yao."

Mzee wa kofia akavua kofia. Kwa mara ya kwanza.

Mimi nilisimama pale na boya langu shingoni nikifuata maneno kwa midomo, kwa sababu wimbo ule niliujua. Ulikuwa wa Kikerewe, na ulisema: chemsheni maji, funikeni mtungi, naweni mikono kabla hamjamshika mtoto. Niliutunga mimi. Niliutunga na mhudumu wa zahanati, mwaka ambao kuharisha kulimaliza watoto, kwa sababu akina mama walichoka kuhubiriwa lakini hawakuchoka kuimba. Ubeti wa pili unahusu choo. Walipoufikia, mwongoza watalii alifumba macho.

Kisha nikamwona. Mwanamke wa tatu kutoka kushoto alikuwa yule yule mhudumu wangu wa zahanati, amenenepa kidogo, mvi zimetokeza chini ya kilemba cha rangi ya udongo. Macho yetu yakakutana na hakukosa hata pigo moja la makofi. Alizunguka na wenzake wakicheza, akanisogelea, akanishika mikono kama sehemu ya ngoma.

"Shikamoo, sista," alisema chini ya wimbo.

"Marahaba. Hiki ni nini?"

"Ni kazi. Jumanne na Ijumaa. Cheza basi, wanatuangalia."

Nikacheza, naona aibu. "Wameambiwa mnaomba mizimu."

"Tunajua wanavyoambiwa. Wiki iliyopita mmoja alituuliza kama tumewahi kuona simu. Yangu ilikuwa inatetemeka hapa kiunoni, ni mjukuu ananitafuta kutoka mjini Nansio. Nikamwambia hapana, simu ni nini?" Akacheka kwa kufungua mdomo wote, na mgeni mmoja akapiga picha ya kicheko kile. Sijui aliipa jina gani.

"Nitawaambia," nikasema. "Nitawaambia hawa wapumbavu wimbo unasema nini."

Akaniminya vidole kwa nguvu.

"Sista, usituharibie. Wewe utarudi Mwanza. Sisi Ijumaa tunataka waje tena."

Halafu akarudi mstarini, akaimba ubeti wa choo mara ya pili, kwa sauti kubwa kuliko wote, akinitazama.

Mwongoza watalii alipotuomba tuwapigie makofi, nilipiga. Nilikuwa nimewadharau wenzangu tangu bandarini, na sasa nilisimama katikati yao nikipiga makofi kama wao, tofauti ikiwa tu kwamba mimi nilijua. Sidhani kujua kunaongeza heshima ya mtu sana katika hali ile.

Jioni mezani hawakuongea jambo lingine. Mzee wa kofia, aliyekwishairudisha kichwani, alisema alihisi mababu wakipita katika mwili wake.

"Uliyaelewa maneno?" nikamuuliza.

"Maneno si muhimu, mama. Ni roho. Watu wetu bado wana usafi ambao sisi wa mjini tumeupoteza."

"Usafi," nikasema. "Hapo umeusikia vizuri wimbo."

Aliandika na hilo. Binti yangu alinitazama, akaona mabega yangu yanatikisika, akadhani nalia. Akanitoa mezani kabla ya kitindamlo, akanipeleka chumbani, na huko nikamweleza yote. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Akaniomba nimwimbie. Nikamwimbia, pamoja na ubeti wa choo. Kisha, akijifuta machozi, akauliza, "Na yule mwanamke, mlifanya kazi pamoja siku zote?"

"Siku zote. Hata kwenye mitumbwi. Mimi nazalisha, yeye anasimama na kanga kutukinga jua."

"Jana uliposema watoto wanne, ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia."

Ni kweli sikuwahi kumwambia. Miaka ile yeye na kaka yake walilelewa na mama yangu huko Muleba, na mimi nilikuja Krismasi nikiwa na zawadi na usingizi.

"Nilikuwa na miaka mingapi ulipohamishiwa kule?"

"Mitano."

"Bibi alituambia umepata kazi nzuri sana, mahali pazuri, ndiyo maana huwezi kuja."

"Bibi alitaka mlale."

Akavuta shuka jeupe la meli, lile lililokunjwa kila jioni kwa umbo la bata, akalifumua bata likawa shuka.

Siku ya tatu tulirudi Mwanza. Bandarini mwongoza watalii alitushika mikono mmoja mmoja. Alinishika mimi kwa mikono miwili akasema angependa siku moja nije kama mgeni maalumu, niwasimulie watalii uzoefu wangu wa mila za uzazi. Nikamwambia nitafikiri, ambayo ndiyo njia yetu ya kukataa, na yeye, akiwa mbobezi, akashukuru kwa kukubali.

Binti yangu hakwenda kwake. Alikuja nyumbani kwangu, akavaa kanga yangu, akabandika ugali na kukaanga dagaa. Mimi nilikaa kwenye kigoda pale jikoni, miguu ikiniuma kwa siku tatu za kuhudumiwa.

"Wale watoto wanne," akasema, mgongo umenigeukia. "Waliishi?"

"Waliishi wote."

"Na mama zao?"

"Watatu."

Aliendelea kusonga ugali. Alisonga muda mrefu kuliko unavyohitaji, mpaka ukaanza kushika chini, na mimi sikumwambia auepue.