Twaiba na Mipaka ya Bi Mbeyu

Twaiba alianzia kwenye arusi. Msambweni si rahisi mpiga picha wa kiume kuruhusiwa kuingia chumbani anakopambwa bibi arusi, kwa hiyo alipopata kamera kuukuu, kazi ilimfuata yenyewe. Miaka sita alirekodi vigelegele na machozi ya akina mama. Kisha akachoka. Alitaka filamu yake mwenyewe, isiyokuwa na mwenye shughuli wa kumwamuru.

Akamwendea Bi Mbeyu, ajuza wa upande wa Taru aliyejua kwa moyo mipaka ya mashamba ya ukoo: mkwaju huu, kaburi lile.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani amekutuma?"

"Sijatumwa na mtu."

"Mwenye kamera wa mwisho kuja hapa, nyuma yake alikuja mpima ardhi. Rudi kwenu, mwanangu."

Twaiba alirudi mara nne bila kamera, akamsaidia kupukuchua mahindi. Mara ya tano Bi Mbeyu akajifunga leso, akampitisha mipaka yote huku akiitaja, naye Twaiba akirekodi.

Ndipo alipotokea Hesbon, mtu wa Nairobi mwenye ofisi Ukunda, aliyesema husaidia watengenezaji filamu wachanga.

"Dada, hii kitu ni moto! Nitakufanyia uhariri wote. We nitumie tu hizo video za mipaka."

"Mbona za mipaka pekee? Huulizi nyimbo zake, wala kisa cha mumewe."

"Watu wa nje wanapenda ramani," Hesbon akacheka.

Jibu hilo halikumkaa Twaiba rohoni. Akamuuliza mamake mdogo, Subira, muuza matunda wa Kombani anayeona kila gari lipitalo, kama amepata kumwona mtu huyo. Naam, Subira alimwona Hesbon akishuka garini na wanaume wawili waliobeba chombo cha miguu mitatu.

"Cha kamera au cha kupimia ardhi, mama?"

"Mimi nitajuaje? Miguu mitatu ni miguu mitatu."

Twaiba akamkatalia Hesbon, akahariri peke yake karibu mwaka mzima. Filamu ilipokamilika, aliwaonyesha kwanza Bi Mbeyu na jamaa zake, mchana, katika darasa lililozibwa madirisha kwa magunia. Ilipokwisha, wote walimgeukia Bi Mbeyu.

"Toa pale penye mkwaju na kaburi," Bi Mbeyu akasema.

"Bibi, hapo ndipo moyo wa filamu! Huniamini hata sasa?"

"Wewe nakuamini. Atakayeitazama baada yako simjui."

Twaiba alikwenda nje akalia kwa hasira. Aliporudi alimwahidi Bi Mbeyu kuzitoa dakika tisa za sehemu hiyo, na akazitoa.

Filamu ikaonyeshwa Mombasa, ikapata tuzo ndogo, na milango ikaanza kufunguka. Mtazamaji mmoja aliuliza kwa nini ajuza anaonekana akiondoka nyumbani, mara amekwisha kurudi. Twaiba akasema hana la kueleza.

Wiki ile ile Hesbon alimtumia ujumbe: "Hongera. Ile stendi ya miguu mitatu ilikuwa ya kamera yangu. Ulinidhania vibaya."

Akausoma mara tatu. Hakukumbuka kumtajia Hesbon stendi yoyote. Labda Subira alimtania juu yake sokoni, labda sivyo. Angeweza kumpigia Subira simu akamuuliza, lakini hakupiga, wala hakumjibu Hesbon. Asubuhi yake alivuka kwenda kisiwa cha Wasini kuanza filamu ya pili, bila kumwambia mtu inahusu nini.